Kuitafutia Seva Kongwe Diski Inayoafikiana Nayo

Mtu aambiwapo kwamba diski moja ya seva imekufa na kwamba yampasa kuitafutia badala yake, swali la kwanza limjialo, na aghalabu ndilo la pekee, ni la ukubwa: hiyo iliyokufa ilikuwa ya gigabaiti ngapi? Swali hilo si baya. Lakini miongoni mwa maswali yote yapasayo kuulizwa ndilo jepesi zaidi, na mwenye kulitegemea peke yake huishia kuwa na diski nzima, mpya, ya fedha nyingi, isiyokubaliwa na mashine aliyoinunulia. Kwa maana seva haiipokei diski kwa sababu ya wingi wa nafasi iliyomo ndani yake, bali kwa kuafikiana nayo katika kila kiungo kilicho baina ya hizo mbili: trei inayoishika, plagi inayoipokea, kadi inayoitawala, idadi na upana wa sekta zake, hata na tabia yake pale inaposhindwa kusoma kile ilichoandikiwa.

Nayaandika haya kwa ajili ya wale waliokabidhiwa seva bila ya kuisomea fani hiyo, kama vile karani wa chama cha akiba na mikopo, mwalimu wa chuo au mhasibu wa zahanati, ambao mashine yao imekwisha kutimiza miaka kumi au kumi na mitano, waranti yake imekoma zamani, mtengenezaji hauzi tena spea zake, ilhali programu ya hesabu au ya kumbukumbu za wagonjwa iliyomo haiwezi kuhamishwa leo wala kesho. Wapo wasemao kwamba dawa ya seva kongwe ni kununua mpya, na maneno yao ni kweli kwa mwenye uwezo. Lakini asiye na uwezo leo hana budi kuilinda amana iliyomo mpaka siku ya uwezo ifike, na amana hiyo si chuma cha mashine bali ni habari za watu walioziweka humo kwa kuaminiana.

Ili maneno yasielee hewani, na tuchukue mfano mmoja ulio halisi, nao ni Dell PowerEdge 2950, seva iliyotoka mwaka 2006, ambayo ilipatikana ikiwa na nafasi 6 za diski za inchi 3.5 au 8 za inchi 2.5, zikitawaliwa mwanzoni na kadi iitwayo PERC 5/i na baadaye na PERC 6/i. Yatakayosemwa juu yake, ukibadili majina na nambari tu, yanazihusu pia HP ProLiant na IBM System x za zama zile zile.

Tuanze na plagi, kwa kuwa kosa la plagi huonekana kwa macho na laweza kuepukwa bila gharama. Seva za mwanzoni mwa karne hii zilitumia SCSI ya waya nyingi sambamba, mfumo uliowekewa kanuni rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na kukua hatua kwa hatua mpaka ukafikia daraja liitwalo Ultra320, na diski zake za kuchomeka moja kwa moja zina plagi pana ya pini 80. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, ikaja SAS, iliyorithi amri za SCSI lakini ikazipitisha katika waya chache mno, kwanza kwa mwendo wa gigabiti 3 kwa sekunde, kisha 6, kisha 12. Na pamoja nayo ikawapo SATA, iliyokusudiwa kompyuta za kawaida na kwa hiyo ikawa rahisi zaidi. Diski ya pini 80 haiingii katika seva ya SAS, wala ya SAS haiingii katika seva ya pini 80, na mwenye seva ya namna ile ya zamani hana ila kutafuta diski zilizokwisha kutumika, maana viwanda viliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita. Naye ajihadhari na zile zenye alama ya HVD, ambazo umeme wa ishara zake ni wa namna nyingine na zaweza kuunguza zikichanganywa na vifaa vya LVD.

SAS na SATA, kinyume chake, zimefanana kiasi cha kumpoteza mtu. Zitazame plagi zake mbili kwa makini: ile ya SATA ina mwanya baina ya sehemu ya data na sehemu ya umeme, na ile ya SAS mwanya huo umezibwa. Kwa sababu hiyo diski ya SATA huingia katika tundu la SAS, na kadi ya SAS kwa kawaida huweza kuiamrisha. Bali diski ya SAS haiingii katika tundu la SATA, na mwenye kuilazimisha huvunja kimojawapo. Seva yetu ya mfano inazipokea zote mbili, ila kadi yake haikubali kuzichanganya ndani ya safu moja ya RAID, yaani kundi la diski zinazofanya kazi kama diski moja, hivyo kwamba ikiwa diski tano zilizobaki ni za SAS, na ya sita sharti iwe ya SAS. Kuhusu mwendo hakuna haja ya wasiwasi mkubwa, kwa kuwa kanuni za SAS zinaitaka diski mpya ikubali kushuka mpaka mwendo wa kadi ya zamani, na diski ya gigabiti 6 au 12 hufanya kazi kwa 3 bila ya kuombwa.

Lipo hata hivyo jambo dogo la umeme lililowatesa wengi katika miaka ya karibuni. Katika diski kadhaa za siku hizi, pini ya tatu ya umeme, ambayo zamani ilipewa voltiji 3.3 zisizokuwa na kazi kubwa, imegeuzwa kuwa ya kuzimia diski kutoka mbali. Na ubao wa nyuma wa mashine ya zamani, ukiwa haujui mabadiliko hayo, huendelea kuipelekea pini hiyo voltiji zile zile, na diski, kwa kudhani imeamrishwa kuzimika, haizunguki kabisa. Mnunuzi huirudisha dukani akisema imekufa, na muuzaji huijaribu katika kompyuta yake ikawaka. Wote wawili wamesema kweli. Mwenye seva kongwe na aulize kabla ya kununua kama diski ina uwezo huo wa kuzimwa kwa pini, na ikiwa nao, aiache.

Trei nayo si jambo la kudharauliwa. Kila kampuni ina yake, na ndani ya kampuni moja kila kizazi kina yake: HP, kwa mfano, ilibadili kabisa trei zake ilipotoa ProLiant Gen8 mwaka 2012, na zile za kabla ya hapo haziingii. Katika PowerEdge 2950 ya inchi 3.5 trei ni moja, lakini ina matundu ya skrubu ya namna zaidi ya moja, kwa kuwa diski ya SATA yaweza kufungwa ikiwa na kadi ndogo ya kati mgongoni au bila kadi hiyo, na kila namna ina matundu yake. Fundi akikosea matundu, diski haifiki kwenye plagi, au hufika ikiwa imepinda. Diski iliyokufa isitupwe kabla trei yake haijavuliwa na kuwekwa, kwani trei tupu nyakati nyingine hutafutwa kwa taabu kuliko diski yenyewe.

Sasa tufike kwenye kadi, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kadi za RAID za zama zile huzihesabu sekta za diski kwa nambari ya biti 32, na nambari ya namna hiyo haina uwezo wa kutaja zaidi ya sekta 4,294,967,296; na kila sekta ikiwa na baiti 512, jumla yake ni baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 kwa hesabu ya wenye viwanda. Hilo ndilo dari. Diski ya terabaiti 2, yenye sekta 3,907,029,168, hupita chini yake. Diski ya terabaiti 3, yenye sekta 5,860,533,168, imelivuka, na kadi huiona kana kwamba ina terabaiti 2.2 tu, au haiioni kabisa. PERC 5/i na 6/i zote ziko chini ya dari hilo, na kadhalika kadi nyingi za kampuni mbalimbali zilizojengwa juu ya chipu ya LSI 1068E, iliyouzwa kwa majina mengi tofauti. Wala kubadili fimwea, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya kadi, hakuliinui. Diski kubwa siku hizi ndizo zinazojaa madukani, na bei yake kwa kila terabaiti ni nafuu, kwa hiyo vishawishi ni vingi. Lakini mwenye kadi ya dari hilo ana njia mbili tu, ama kununua ya terabaiti 2 au chini yake, ama kubadili kadi yenyewe, kazi ambayo katika seva inayobeba habari za watu haifanywi ila baada ya nakala rudufu kukamilika na kujaribiwa.

Upana wa sekta ni mlango wa pili wa matatizo, nao haujulikani sana. Kwa miongo mingi sekta ilikuwa na baiti 512, mpaka karibu mwaka 2010 wenye viwanda wakakubaliana kuhamia sekta za baiti 4,096, ambazo hutumia vizuri zaidi uso wa sahani na kuwezesha kurekebisha makosa makubwa zaidi. Hivyo leo kuna namna tatu madukani: zile zenye 512 za asili, ziandikwazo 512n, zile ambazo ndani zina 4,096 lakini nje hujifanya 512, ziandikwazo 512e, na zile za 4Kn, ambazo hazifichi kitu. Kwa seva kongwe, ya kwanza ndiyo bora, ya pili huweza kufanya kazi ingawa kuandika kwake kwaweza kuwa kuzito pale mpangilio wa data usipolingana na sekta za ndani, na ya tatu haifai hata kidogo, kwa kuwa kadi ya zamani haijui kuisoma.

Tena kuna diski zilizotoka katika makabati makubwa ya hifadhi ya kampuni kama NetApp na EMC, ambazo sekta zake zina baiti 520, baiti 8 za ziada zikiwa za ukaguzi. Diski hizi, aghalabu za SAS na za daraja la juu, humwagwa sokoni kwa bei rahisi pindi makabati yanapostaafishwa, nazo zikitiwa katika seva ya kawaida huonekana kana kwamba hazina kitu au zimekataa kazi. Si mbovu. Programu ya bure iitwayo sg_format, katika Linux, yaweza kuzipanga upya ziwe za 512; kazi hiyo huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati yake diski yaweza kubaki haisomeki mpaka ipangwe tena, kwa hiyo mahali penye umeme wa mashaka isifanywe bila ya UPS. Mwenye subira na kompyuta ya pembeni yenye kadi ya SAS hupata humo diski njema kwa fedha kidogo. Asiye navyo na asizinunue, hata akiambiwa ni bei ya bure.

Baada ya upana, idadi. Safu ya RAID hujengwa kwa kipimo cha diski ndogo kuliko zote zilizomo, na diski mbadala sharti isipungue kipimo hicho hata kwa sekta moja. Watu hudhani kwamba diski mbili zilizoandikwa gigabaiti 146 zimelingana, ilhali katika diski za namna hiyo za zamani kila kiwanda kilikuwa na idadi yake, na ile iliyopungukiwa na sekta chache hukataliwa papo hapo. Baadaye wenye viwanda waliweka kanuni moja ya hesabu, ndiyo maana diski ya gigabaiti 500 ya kiwanda chochote kinachoifuata ina sekta 976,773,168, na ya terabaiti 1 ina 1,953,525,168. Baadhi ya kadi nazo hupunguza kwa makusudi mabaki ya juu ili kutoa nafasi ya tofauti ndogo. Asiye na hakika na anunue kubwa kidogo, ya 300 mahali pa 146, akijua kwamba nafasi ya ziada haitatumika mpaka diski zote za safu zibadilishwe na safu ipanuliwe.

Je, jina lililoandikwa juu ya diski lina uzito gani? Seva ya Dell, HP au IBM ya zama zile haikutengenezewa diski na kampuni hizo. Zilitoka Seagate, Western Digital, Hitachi, Fujitsu, Maxtor au Toshiba, zikabandikwa lebo ya pili na kutiwa fimwea iliyoagizwa na kampuni ya seva. Viwanda hivyo navyo vimemezana: Seagate ikainunua Maxtor mwaka 2006, Toshiba ikachukua kazi ya diski ya Fujitsu mwaka 2009, Western Digital ikaichukua ile ya Hitachi mwaka 2012, na leo wamesalia watatu tu duniani. Kwa hiyo diski iliyokufa ina nambari mbili zenye faida, ya kiwanda cha diski na ya kampuni ya seva, na zote mbili zinakiliwe kikamilifu pamoja na toleo la fimwea. Ya kampuni ya seva ndiyo itakayokupa orodha ya mbadala zilizokubaliwa, kwa kuwa kampuni huweka nambari moja ya spea juu ya diski za viwanda viwili au vitatu. Kwa HP spea hutambulika kwa tarakimu 6, kistari na tarakimu 3, na kwa Dell kwa herufi na tarakimu 5 zilizotanguliwa na DP/N.

Zipo kadi zinazokataa diski isiyo na fimwea ya kampuni ya seva. Mwaka 2010 wateja wa Dell waligundua kwamba kadi mpya za wakati ule, PERC H700 na H800, zinazizuia diski zisizothibitishwa na kampuni. Wakalalamika kwa sauti, na kampuni ikalegeza msimamo kwa fimwea mpya. PERC 5/i na 6/i hazikuwa na kizuizi hicho, na kwa maoni yangu hiyo ni moja ya sababu za maisha marefu ya PowerEdge 2950. Mwenye kuinunua seva iliyokwisha kutumika na ajue mapema kadi yake iko upande gani, kwa maana kadi inayokataa diski za watu huifunga mashine katika soko moja, na soko hilo likikauka mashine hufa nalo.

Nimekwisha kutaja tabia ya diski inaposhindwa kusoma, nami nataka kukaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo diski ya bei nafuu, iliyoafiki mambo yote yaliyotangulia, inapoisaliti seva. Diski ya kompyuta ya mezani, ikikutana na sekta ngumu kusomeka, hujaribu tena na tena, hata kwa dakika nzima au zaidi, kwa kuwa imetengenezwa ikijua kwamba huenda hakuna nakala nyingine ya data ile popote. Diski ya seva imelelewa kinyume: hujaribu kwa muda mfupi, kwa kawaida sekunde 7, kisha hukiri kushindwa, na kadi ya RAID huijenga sekta ile kutoka kwa diski wenzake. Sasa diski ya mezani ikitiwa ndani ya seva, nayo ikanyamaza kwa dakika nzima ikijitahidi, kadi huihesabu imekufa na kuitoa katika safu, ingawa kasoro yake ni ya sekta moja. Mwenye safu ya namna hiyo huona diski zake “zikifa” moja baada ya nyingine, huzipima nje akaziona nzima, na hajui la kufanya. Uwezo huo wa kukiri mapema una majina mengi, TLER kwa Western Digital na ERC kwa Seagate, na ndio utafutwao katika karatasi ya maelezo ya diski kabla ya kutafuta kasi au bei.

Ndugu wa tatizo hilo ni SMR. Katika diski za namna hiyo njia za data huandikwa kila moja ikilalia sehemu ya jirani yake, kama makuti yanavyolaliana juu ya paa, na kwa hiyo nafasi huongezeka. Lakini kama ambavyo huwezi kubadili kuti la chini bila ya kufumua ya juu yake, diski hii haiwezi kubadili njia moja bila ya kuziandika upya zile zilizoilalia. Kwa kuhifadhi picha na filamu haina neno. Kwa RAID, ambamo diski mpya hujengwa upya kwa kuandikwa mfululizo kwa saa nyingi bila ya kupumzika, hulemewa, kazi ya saa huwa ya siku, na yaweza kufukuzwa katika safu kabla haijamaliza. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba diski zake za WD Red za terabaiti 2 mpaka 6 za mfululizo wa EFAX, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za RAID, zilikuwa za SMR, ilhali za mfululizo uliotangulia, EFRX, hazikuwa. Tofauti ilikuwa herufi moja tu ya nambari ndefu, na wanunuzi hawakuambiwa. Baada ya malalamiko majina yaligawanywa, na ile isiyolaliana ikaitwa Red Plus. Mnunuzi na aulize waziwazi kama diski ni ya CMR, yaani isiyolaliana, na asipojibiwa kwa maandishi aitafute kwa mwingine.

Hata hivyo diski nyingi zitakazopatikana kwa seva ya mwaka 2006 zitakuwa zimekwisha kutumika, iwe zimeletwa kutoka Dubai au Uingereza, ama zimefunguliwa katika seva ya ofisi iliyohama, na kwa hiyo ukaguzi wa umri ni faradhi. Diski hujiandikia historia yake katika orodha iitwayo SMART, isomwayo kwa programu ya bure smartctl. Tazama saa za kuwashwa, ukikumbuka kwamba mwaka mzima una saa 8,760, hivyo saa 50,000 ni karibu miaka sita ya kazi isiyokoma. Tazama sekta zilizohamishwa na zile zinazongoja kuhamishwa. Na kwa diski ya SAS, tazama orodha ya kasoro zilizoongezeka tangu ilipotoka kiwandani. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao, wakaonyesha kwamba diski ikionekana na kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya zile zisizo na kosa. Na papo hapo wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikutoa hata moja ya zile ishara nne kubwa. Maana yake ni kwamba kasoro ikionekana diski ikataliwe bila ya mjadala, na isipoonekana isiaminiwe kupita kiasi.

Wala historia yenyewe si salama na mikono ya watu. Mwanzoni mwa 2025 ilifichuka, hasa kutokana na kazi ya waandishi wa Heise wa Ujerumani, kwamba diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa Ulaya kuwa ni mpya, saa zake katika SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Zikatambulika kwa kumbukumbu nyingine ya ndani, iitwayo FARM, ambayo wadanganyifu hawakuigusa, na ambayo smartctl ya matoleo ya karibuni yaweza kuisoma. Kwa diski ya Seagate na zisomwe zote mbili, na zikihitilafiana muuzaji arudishiwe mali yake.

Swali la lini kununua lina jibu moja: kabla ya kufa. Diski za safu moja aghalabu zilitoka kiwandani pamoja, zikafanya kazi pamoja katika joto lile lile na kukatikiwa umeme ule ule, na ikifa moja wenziwe wamezeeka kadiri yake. Kisha kuijenga upya iliyobadilishwa huwalazimisha waliobaki kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua safu ya RAID 5 ya diski 6 za terabaiti 2: moja ikifa, tano zilizobaki husomwa zote, jumla terabaiti 10, ilhali diski nyingi za SATA huahidi kosa lisilorekebishika lisilozidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, sawa na terabaiti 12.5. Diski nzima hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mwenye diski kongwe asijenge matumaini juu ya ziada. Hiyo ndiyo faida ya PERC 6/i juu ya 5/i, kwamba inaijua RAID 6, inayostahimili vifo viwili kwa wakati mmoja. Mwenye 5/i na anunue diski mbili za akiba badala ya moja, azijaribu zote kwa kuziandika na kuzisoma nzima, moja aiache ndani ya seva ikingoja zamu, na nyingine aifunge katika mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na vifurushi vya kunyonya unyevu, hasa huku pwani ambako hewa ya chumvi huzila pini za plagi.

Kazi yenyewe ya kubadili ni fupi. Nakala rudufu hutangulia, na kujaribiwa kwake. Kisha taa ya rangi ya kaharabu katika trei na nambari ya nafasi katika programu ya kadi zilinganishwe, kwa maana kuchomoa diski nzima ya safu iliyokwisha kupoteza moja ni kuiua safu. Diski iliyotoka katika seva nyingine huja na maandiko ya RAID ya huko, na kadi huiita ya kigeni na kuuliza kama yaingizwe au yafutwe: yafutwe, na ni bora zaidi diski isafishwe katika kompyuta nyingine kabla ya kuletwa. Baada ya hapo seva isizimwe mpaka ujenzi ukamilike, kwani diski iliyozunguka miaka kumi bila ya kusimama, ikisimama na kupoa, huenda isianze tena.

Diski za kumbukumbu za SSD zimekuwa mbadala mzuri wa zile za mizunguko 15,000 kwa dakika, na kwa kadi ya gigabiti 3 mwendo wake hufikia karibu megabaiti 300 kwa sekunde, kiasi kinachozidi mahitaji ya seva nyingi za umri huo. Masharti ya dari la terabaiti 2.2 na ya sekta yanabaki yale yale, na ichaguliwe ile yenye kulinda data umeme unapokatika ghafla.

Imebaki ile diski iliyotolewa. Kufa kwake hakukufuta yaliyomo: katika RAID 1 ina nakala nzima, na katika RAID 5 ina vipande ambavyo kwa kawaida ni vya kilobaiti 64 au zaidi kila kimoja, upana unaotosha kabisa kwa jina la mgonjwa, ugonjwa wake na nambari yake ya simu kukaa pamoja. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na diski iliyouzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bado iko katika dhima ya ofisi iliyoitoa. Ikizunguka bado, na iandikwe sifuri kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa haizunguki, na ifunguliwe na sahani zake ziharibiwe, fundi akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa sahani za diski ndogo za inchi 2.5 aghalabu ni za kioo na huvunjika kwa kurusha vipande. Kisha nambari ya diski, tarehe iliyotolewa na jina la aliyeiharibu viandikwe katika daftari la seva.